Zile Nailoni za Darini kwa Bibi

Elinami mwanangu,

Kabla hujauliza hali: mimi mzima, baba yako mzima, na hasira bado ninazo. Nimeona nilitangulize hilo usije ukasoma barua yote ukitafuta mahali nilipolificha.

Umepanda Old Moshi kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umalize bakuli la pili la mtori, kwa hiyo mchana wote ni wangu. Nimejifungia chumba cha nyuma. Baba yako amepita dirishani akakohoa kile kikohozi chake cha kuuliza kuna nini, nikajifanya sijasikia. Kesho asubuhi unaondoka na basi, na tangu Jumapili mimi na wewe tunaongea kama wapangaji waliogombania bomba la maji. "Chumvi." "Hiyo hapo." "Asante." Sitaki uende hivyo. Sitaki uende kabisa, lakini hilo umeshaliamua.

Habari za kufunga begi, za kutokula vya njiani, za kuangalia simu yako stendi, nimemwachia dada yako Anaeli. Nimeona ujumbe aliokutumia, ameweka mpaka dawa ya mbu. Mimi nataka tuongee lile sanduku.

Jumapili nimetoka kanisani hata viatu sijavua, ukaniambia kwamba huko Dar unakokwenda kufanya kazi kuna chumba cha baridi cha kutunzia filamu na picha za zamani, na kwamba wamekubali kupokea nailoni zangu za katuni, ila zile nzima tu. Zinazonuka siki zibaki. Nikakuambia ukichukua hata moja usirudi hapa. Nililisema mbele ya mama mchungaji aliyekuja kunywa chai, naye akaweka kikombe chini akakumbuka ghafla kwamba ana wageni kwake. Ukanitazama, ukasema, "Mama, sasa zikiozea hapa ndiyo zitakuwa zako zaidi?"

Sijawahi kumpenda mtu anayeniuliza swali ambalo sina jibu lake, na wewe umekuwa ukinifanyia hivyo tangu ujifunze kuongea. Lakini nataka ujue kwa nini nilisema vile, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali. Hadithi yenyewe umeisikia, ila umeisikia vipande vipande, mimi nikiwa naosha vyombo na wewe ukiwa na simu mkononi.

Nilikuwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa nilipopata kazi Dar kwenye studio ya kutengeneza filamu za kuelimisha wananchi. Tulikuwa wasichana wa kupaka rangi katuni. Mchoraji anachora mistari kwa wino upande wa mbele wa plastiki angavu, kisha sisi tunaigeuza na kupaka rangi mgongoni, ili ukiitazama kwa mbele rangi ionekane imetulia ndani ya mstari. Kila hatua ya mguu ina plastiki yake, ina namba yake ndogo pembeni. Zinapigwa picha moja moja, na zikipita haraka mbele ya macho, mtu anatembea. Kule zilikuwa na jina lao la kizungu. Nilipozileta huku, bibi yako akazishika, akaziita nailoni, na jina likabaki hilo.

Filamu yetu ilikuwa ya maziwa. Binti anaamka, anakamua ng'ombe mweupe, anaosha ndoo, anayachuja, anatoka nyumbani na ndoo yake kichwani mpaka kituo cha kukusanyia maziwa. Basi, hamna jingine. Ila uso wa yule binti na mikono yake nilipewa mimi. Kati ya makopo ya rangi yaliyoletwa lilikuwamo moja limeandikwa rangi ya ngozi, ukifungua ndani ni waridi. Nikamuuliza msimamizi, ngozi ya nani hii? Akaniambia kama nina akili nichanganye yangu. Nikakaa dirishani, nimenyoosha mkono juu ya meza, nachanganya kahawia na njano na nyekundu kidogo, najaribu juu ya mkono wangu, nafuta, naongeza, mpaka brashi ikapita isionekane imepita. Hiyo ndiyo rangi ya yule binti. Siku ile nilijisikia nimefanya kitu, na sijui kama nimewahi kujisikia hivyo tena kwenye kazi yoyote niliyofanya baadaye.

Filamu haikuisha. Kamera iliharibika, ikangojewa spea, spea haikuja, na mwishowe tukaambiwa ofisi inafungwa na vitu vya chumba chetu vinatupwa, anayetaka kitu achukue. Wenzangu walichukua viti. Mmoja alichukua pasi, nadhani bado anayo. Mimi nikachukua sanduku la katuni, na nilipofika nyumbani mama yangu mzazi alicheka mpaka akakaa chini. Hakuna aliyewahi kumwona yule binti akitembea, hata sisi tuliompaka.

Sasa ya bibi yako, ambayo kila mara nikiisimulia baba yako anatoka nje.

Nilipoolewa, mimi na baba yako tulikwenda kwanza kupanga Majengo, chumba kimoja, paa linavuja kila mahali isipokuwa juu ya sufuria. Nikapeleka sanduku kwa mkwe wangu, bibi yako. Nikamwambia, mama, humu mna vitu vyangu vya thamani, naomba unitunzie. Akalipokea kwa mikono miwili. Na kwa kuwa nilisema ni vya thamani, akaviweka pale anapoweka vya thamani: darini, juu ya mafiga, katikati ya mahindi ya mbegu na maharage ya mbegu. Pale moshi unapanda kutwa nzima, asubuhi uji, mchana ndizi, jioni tena. Mdudu hagusi kitu kilichokaa pale. Panya hasogei. Kama angelidharau sanduku langu angelisukumia chini ya kitanda kwenye kile chumba chake cha baridi, na leo tusingekuwa na kesi. Aliliheshimu, ndiyo maana likaungua polepole.

Nilipokwenda kulichukua wewe ulikuwa hujazaliwa. Nililifungua pale pale uani. Ng'ombe mweupe alikuwa amegeuka rangi ya chai ya maziwa. Karatasi zilizowekwa katikati zimegandana na rangi. Zile za chini kabisa, zilizokaa karibu na moto, zimejikunja pembe na zinanuka siki. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Nilimwambia bibi yako maneno ambayo mkamwana hamwambii mkwe wake. Yeye amesimama mlangoni pa jiko, hajui hata kosa liko wapi. "Mae! Mbona hakuna mdudu hata mmoja aliyeingia? Angalia mwenyewe, Mama Anaeli, hata mmoja!" Maskini, alikuwa akijisifu. Alidhani nitamshukuru.

Siku chache baadaye akamtuma baba yako mdogo aniletee isale. Unajua mwenyewe kwamba isale halikataliwi. Mtu akikuletea lile jani ameomba msamaha, na huna ruhusa ya kubaki na neno. Na mkwe kumpelekea mkamwana wake isale, tena kwa kosa asilolielewa, halikuwa jambo dogo pale kijijini. Nikalipokea. Nikasema yameisha, nikapika, tukala pamoja. Kisha nikakaa na kinyongo changu miaka na miaka, namwamkia shikamoo huku nimenuna. Nilikuwa na haki ya kukasirika siku moja, nikaitumia kwa muda wote ule. Na ukitazama vizuri, nani alimwambia kwamba hazitaki joto? Mimi nilisema tu ni za thamani, nikageuka nikaenda zangu mjini. Ningetumia dakika moja kumweleza, mama, hizi zinataka mahali pa baridi na pakavu, angezilaza hata kitandani kwake yeye akalala chini.

Hilo nimelielewa mwaka huu tu, Elinami, na nimelielewa nikiwa nimekukasirikia wewe, kwa hiyo usidhani ni hekima ya uzee. Huko uendako utapenda vitu, na watu, na utawaachia wengine wakutunzie. Waeleze kinachotakiwa. Usiwaachie wakisie halafu ukawachukia kwa kukisia vibaya.

Haya. Uliporudi kutoka chuo na kazi hakuna, ukawa unazunguka nyumba hii unafungua kila kilichofungwa, wewe ndiye uliyelivuta sanduku kutoka chini ya kitanda chetu. Nilidhani unatafuta soksi. Jioni nikakukuta umezitandaza mezani, umeinamia, unanusa. Ukasema, "Mama, aisee, hizi mbona ni kazi ya mtu kabisa?" Nikakuambia mtu mwenyewe amesimama mlangoni, na toa vitu vyako mezani watu wale. Lakini nilifurahi, na uliona nilivyofurahi.

Tukaanza kuzisafisha, na mimi nikaanza kuziharibu. Acha niseme ilivyokuwa kwa sababu wewe ukisimulia unanipunguzia. Ya kwanza niliyoishika, karatasi imeganda mgongoni, nikaivuta kama ninavyovuta plasta kwenye kidonda, haraka ili isiume. Ikaja na shavu la yule binti. Shavu zima limebaki kwenye karatasi, na usoni kwake pamebaki tundu unaona meza. Wewe hukupiga kelele. Ulichukua ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ukaweka kitambaa chenye maji chini, ukaweka chekeche juu yake na nailoni juu ya chekeche zisiguse maji, ukafunika. Ukasema tungoje. Tungoje nini? "Unyevu uingie, karatasi ilegee yenyewe." Nikafunua mara ngapi siku ile kutazama kama imelegea? Ulinifukuza kwenye ndoo kama unavyomfukuza kuku.

Ililegea kesho yake. Karatasi ikatoka safi, rangi ikabaki. Nilikasirika kuliko ambavyo ningekasirika kama ingeshindikana.

Halafu lile shavu. Nilitaka kulipaka upya pale pale, nina brashi, nina mkono, kazi ni yangu. Ukakataa. Ukasema tulipake kwenye plastiki nyingine tuiweke nyuma yake, ili mtu wa baadaye akitaka aweze kuliondoa. Mtu wa baadaye gani? Nani huyo atakayekuja hapa kwetu Njoro kuondoa shavu? Ukacheka mpaka na mimi nikacheka. Tukanunua rangi, ukaniambia ninyooshe mkono dirishani nichanganye kama zamani. Nikanyoosha, nikachanganya vizuri kabisa, brashi ikapita mkononi isionekane. Tukaweka pembeni ya uso wa binti, haifanani hata kidogo. Nikasema rangi yake imepauka. Ukasema, kwa upole, labda ni mkono. Nikautazama. Una madoa, na jua la shambani limeshapita juu yake mara nyingi. Ukanyoosha wa kwako pale pale dirishani, nikachanganya tena kwa kufuata huo, na ikakubali. Nikakuambia naenda kutazama maharage jikoni. Siku ile hatukuwa na maharage jikoni, Elinami. Nilisimama tu pale karibu na sinki.

Na pembe la ng'ombe je? Hilo ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu nilionywa. Ulikuwa umeshagundua maji ya betri, yale ya kuongezea yanayouzwa gereji, kwamba hayana chumvi wala chokaa, na unayatia kidogo tu kwenye vijiti vya pamba, unazungusha taratibu kwa mbele, kuanzia pembeni pasipo na mchoro. Masizi ya dari la bibi yako yakaanza kutoka. Pamba inakuja nyeusi, unabadilisha, inakuja kahawia, unabadilisha. Nilipoona ng'ombe anang'aa upande mmoja nikapata wazimu wa kutaka awe mweupe wote. Pamba ikaanza kuja safi na ng'ombe bado ni wa njano. Ukasema, "Mama, hapo uchafu umeisha. Hiyo njano imo ndani ya plastiki yenyewe, haitoki." Nikasema haitoki kwako, mimi nimefua sare za watoto wanne. Nikasugua. Pamba ikaja nyeusi tena, nikafurahi, nikakuonyesha, unaona? Ilikuwa wino. Nilikuwa nimefuta pembe.

Nimekaa sana na lile pembe. Nilipokuwa nasugua nilikutazama mkono, ule wa kushoto, unavyoshika kile kijiti cha pamba, na nikakumbuka nilivyokusumbua kwa sababu ya mkono huo. Nilikupiga vidole kwa mwiko. Nilimwambia mwalimu wako wa darasa la kwanza akufungie kalamu mkono wa kulia, na akafanya, nawe ukaandika vibaya miaka yote ile, nikakugombeza kwa mwandiko mbaya. Kusalimia wakubwa na kula kwa mkono wa kulia bado nashikilia, hapo tusibishane. Lakini kalamu ilinihusu nini? Nilidhani ni uchafu nikaung'ang'ania uishe. Kumbe ndivyo ulivyo, na ningejipa muda kidogo ningeona, maana uliendelea kuchora kwa kushoto nyuma ya mlango. Nimeshakuomba radhi kwa hilo kwa njia zangu, kwa vitumbua na kadhalika. Leo naliandika ili lisibaki kwenye vitumbua.

Nikirudi kwenye kisa chetu, Jumamosi ndiyo siku niliyoharibu kuliko zote, na hujui, kwa sababu unadhani tuligombana Jumapili.

Jumamosi jioni ulikuja na simu. Ulikuwa umezipiga picha zote, moja moja, kwa mpangilio wa namba, ukazipanga zipite haraka. Ukaniketisha kwenye kiti changu, ukaita na baba yako. Ukabonyeza. Na yule binti akainuka, akajifunga kanga, akachukua ndoo, akatoka getini, akatembea. Yule niliyempaka uso kila hatua na sikuwahi kumwona akisogea, akatembea mbele yangu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Baba yako akasema, "Ee Bwana." Wewe ukawa unanitazama mimi, hutazami simu.

Na mimi nikasema, "Anachechemea."

Ni kweli alichechemea. Kuna nailoni mbili tatu hazipo pale katikati, zile nyingine nilizoziua mwenyewe kwa kuvuta karatasi. Lakini hata kama ni kweli, ndilo neno la kwanza la kumwambia mtoto aliyekaa na kazi yako miezi na miezi? Nimejiuliza nilisema vile kwa nini, na jibu ninalo, ila halinipendezi. Nilitaka kukushukuru, na neno la kukosoa ndilo lililotangulia kutoka. Kwangu mimi hilo linatoka hata mdomo ukiwa umefungwa kwa kamba. Ukazima simu ukasema, "Sawa mama, nitarekebisha." Baba yako alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu lile paa la Majengo.

Ndiyo maana Jumapili ulipozungumzia chumba cha baridi, nilikuwa nimeshajikasirikia usiku kucha, na mtu aliyejikasirikia anatafuta wa kumkabidhi hasira. Ukasema zinazonuka zinaambukiza zilizo nzima, hewa yake inazila nyingine, lazima zitenganishwe. Mimi nikasikia unataka kumkata binti yangu vipande. Maana tulifundishwa studio kwamba mpangilio ni kitu kimoja. Ukitoa hizi ukaacha hizi, hatembei tena. Vipande viwili vya plastiki vilivyokaa miji miwili, kuna faida gani? Heri zikae zote, zioze zote pamoja. Nilikuwa nimesema hivyo moyoni na nilidhani nazungumzia nailoni.

Leo ulipoondoka tu, nimelitoa sanduku. Nimevaa zile glavu zako za pamba, zinanibana. Nimezitoa moja moja nikazinusa, kila moja, mbele na nyuma, kama anavyonusa maziwa mtu anayejua kazi yake. Baba yako alichungulia akaniuliza nafanya nini, nikamwambia funga mlango, upepo unanichanganya. Zinazonuka nimeziweka kushoto, nzima nimeziweka kulia. Mara mbili nilidanganya, nikaiweka ya kulia kushoto ili ibaki, halafu nikairudisha. Nakuambia ili ujue haikuwa rahisi na wala sikuifanya kwa moyo mweupe.

Nilipomaliza nikatazama namba. Zilizokaa chini karibu na moto ni za mwanzo wa filamu, kwa hiyo ndizo zilizooza. Binti anaamka. Binti anajifunga kanga. Binti anakamua, anaosha ndoo, anamfunga ng'ombe. Za nyumbani zote zinanuka siki, Elinami, hakuna hata moja iliyopona. Kuanzia getini kwenda mbele ni nzima. Njia yote, mpaka kituoni, ni nzima kabisa.

Nimekaa nazo nikalia kidogo, na kwa kuwa hukuwepo sioni sababu ya kukuficha.

Zilizo nzima nimekufungia wewe. Nimeweka karatasi mpya katikati kama ulivyonionyesha, sikubana, nimezilaza kwenye lile boksi bapa ulilolileta na nimelifunga kwa kitambaa ili lisitikisike. Utalikuta kitandani kwako ukirudi, na barua hii juu yake. Wape hao watu wa chumba cha baridi, na uwaeleze vizuri kile zinachotaka. Umeme ukikatika waulize jenereta liko wapi, usione haya. Na ile ya kwenye simu, usiirekebishe. Anavyochechemea nimemzoea, nimemtazama mara nyingi leo kwenye simu ya baba yako, kumbe ulimtumia, mpaka ameninyang'anya anasema chaji imeisha. Asante, mwanangu. Hiyo ilikuwa ya Jumamosi.

Lile neno la usirudi nalifuta hapa kwa mkono wangu. Rudi wakati wowote, na njaa, na nguo chafu, na mtu ukimpata. Hasira hazijaisha, na si za nailoni tena, ni za kwamba chumba hiki cha nyuma kesho kitakuwa kimya na hakuna atakayenifukuza kwenye ndoo.

Kesho stendi atakupeleka baba yako. Mimi nabaki na za nyumbani. Nitakusindikiza mpaka getini.

Mama yako